Msumeno Unaosimama Upesi

Wateja wa duka langu la misumeno hapa Kindu huuliza nguvu ya mota. Muuguzi mstaafu, aliyetaka msumeno wa meza wa bei nafuu wa kuwatengenezea wajukuu vigoda, hakuuliza. Jumamosi tatu mfululizo aliwasha msumeno mmoja mmoja, akauzima, akafumba macho na kuhesabu mapigo ya mkono wake mwenyewe hadi meno yaliposimama kabisa.

“Papa, huu mkubwa una nguvu,” nilimsifia.

“Iko na nguvu, lakini inachelewa kusimama.”

Hatimaye akaupata mdogo, wenye rangi iliyobanduka, uliosimama kabla ya pigo la kumi. “Hii njo yangu.”

Nikampa mkono kumshukuru. Hakuuachia. Kwa kidole gumba alipapasa taratibu kovu kwenye kigutu cha kidole changu kilichokatwa na msumeno wakati wa vita, nikashonwa hospitalini bila ganzi. Siku ile macho yangu yalikuwa yamejaa machozi. Sikuwahi kuiona sura ya aliyenishona.

“Nilishona na uzi wa nguo,” akasema, akiutazama mkono wangu tu. “Dawa ilikuwa imeisha. Unisamehe, mutoto wangu.”