Ukuta wa Oiva

Tauno Hyttinen alifundisha useremala katika shule ya Lehtovaara miaka thelathini na mitatu, na katika muda wote huo hakuna mtoto aliyemletea mbao zilizounganishwa na mwanya kati yake akaondoka na alama ya maana. Mwanya wa kupitisha wembe tu ulitosha kumrudisha mtu mezani aanze upya. Jioni mwalimu huyohuyo alirudi nyumbani, akavua viatu mlangoni, akaenda kulala kando ya ukuta ambao ndani yake hamkuwa na kitu. Kijijini hakuna aliyemuuliza kwa nini, maana ukuta ule ulijengwa na Oiva.

Oiva Kemppainen ni jirani wa ng'ambo ya barabara. Mwaka sabini na saba, Tauno alipojenga nyumba yake ya mbao, wanaume kumi na wawili walikuja msaragambo, na malipo yao yalikuwa supu ya njegere, bia, na jioni kuoga mvuke katika sauna. Tauno mwenyewe alijenga kuta tatu. Oiva alipewa wa nne, wa chumba cha kulala. Sasa, katika kijiji kile mtu aliyekuja kukusaidia bure hakosolewi. Unamshukuru, unamjazia bakuli, na ubao wake ukiwa umepinda unajizoeza kuuona umenyooka.

Majira ya baridi ya kwanza Tauno aligonga kuta zake moja baada ya nyingine. Tatu ziliitika kwa sauti nzito ya ukuta ulioshiba sufu ya kuzuia baridi. Wa nne ukaitika kama pipa tupu. Akaelewa kwamba Oiva alipigilia mbao ndani na nje, katikati akaacha hewa.

"Kesho nitamwambia," alimwambia Aune, mkewe.

Kesho hiyo ilichukua miaka arobaini na moja.

Joto la nyumba likawa linatoka nje kwa ukuta ule mchana na usiku. Mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika kiunoni kila mahali, chini ya dirisha la chumba palikuwa na majani mabichi. Paka wa kijiji kizima walihamia pale. Mama wa posta alisimama hapo kupasha vidole kabla ya kuendelea na safari. Na Oiva, ambaye hana haya hata kidogo, alileta benchi lake mwenyewe, akawa kila asubuhi anakaa na chupa ya kahawa, mgongo kwenye mbao, akiwaambia wapita njia kwamba ukuta aliojenga yeye ni wa pekee, theluji yenyewe inauogopa.

Ndani, mkono mmoja tu kutoka mgongo wa Oiva, Aune alilala na kofia ya sufu, soksi mbili mbili, na shali ya marehemu mama yake. Tauno alijitahidi. Alitundika zulia. Akapanga juzuu zote za kamusi elezo kuziba ukuta, lakini juzuu ya herufi K ikagandia mbaoni, na chochote kilichoanza na K kikasubiri hadi Aprili. Lakini kumwambia Oiva, hapo ulimi ulikuwa mzito.

Kifua cha Aune kilianza kumsumbua alipofika miaka sitini na sita. Mwezi wa tisa barua ikaja: nyumba ya wazee mjini Kajaani imepata nafasi, vyumba viwili, mabomba ya maji moto, jibu litolewe kabla ya katikati ya Novemba. Tauno hakujua hata kwamba mkewe aliomba. Alisoma mara mbili, akaikunja, akaikunjua.

"Unaniacha?"

"Siachi mtu, mzee wangu. Nataka kulala bila kofia, basi. Ukitaka kuja, njoo. Ukitaka kubaki kumlindia Oiva heshima yake, baki."

Tauno aliogopa kweli. Kwa mara ya kwanza alisikia jinsi nyumba itakavyokuwa kimya. Akaamua kuufungua ukuta, lakini kwa siri, kwa upande wa ndani, wiki ya mawindo ya Oktoba, ambapo wanaume wote wanakuwa porini na Oiva ni wa kwanza kutoka. Ili asiende nao alisingizia goti. Aliigiza vizuri mno, akawa anachechemea hata jikoni alipokuwa peke yake na Aune, na Aune akamwambia aache upuuzi ashike mtaimbo.

Mbao ziling'oka kwa urahisi. Ndani palikuwa patupu kama alivyojua, pakavu, pasafi, na kwenye nguzo ya kati palikuwa na maandishi ya penseli. Tauno alivaa miwani.

*14.9.77. Sufu imeisha. Tauno amehesabu vibaya. Asiambiwe, ataona aibu mbele ya watu. Oiva.*

Aliketi sakafuni. Baadaye alifungua droo, akatoa karatasi yake ya zamani ya kuagizia sufu, na kweli: ukuta wa chumba cha kulala ulichorwa upya kwenye ramani, Aune alipotaka nafasi ya kabati, haukurudishwa kwenye hesabu, na mwalimu wa useremala aliagiza sufu ya kuta tatu kwa nyumba yenye kuta nne. Masikio yalimuwaka.

Aune alisoma maandishi yale. "Kwa hiyo nimelala na kofia miaka arobaini na moja kwa sababu ya adabu zenu," alisema. "Jaza."

Akajaza. Ila alipofika pembeni, ukuta wa Oiva unapokutana na ukuta wake mwenyewe, aliona ubao wa ukuta wake umebadilika rangi, akauchokoa kwa kijiko cha chai. Kijiko kiliingia hadi mpini. Miaka ile fasheni ilikuwa nyumba ichuchumae, miguu ya kuta izame chini ya usawa wa udongo, na Tauno alikuwa mtu wa fasheni. Unyevu ulipanda ardhini ukakaa. Kuta zake tatu, zilizoshindiliwa kwa ustadi, hazikupata joto la kuzikausha, zikaoza zikiwa zimesimama. Mguu wa ukuta wa Oiva, uliopigwa na joto linalovuja miaka yote, ulikuwa mkavu kama kuni.

Theluji ikaanguka na baridi ikabana. Barua ilikuwa bado kwenye droo, maana Aune alisema atajibu baada ya kuona usiku wa kwanza wa nyuzi ishirini chini ya sifuri. Asubuhi iliyofuata usiku huo Oiva alikuja na chupa yake, akaketi, akafungua gazeti. Baada ya kitambo alisimama. Akagusa ukuta kwa kiganja, kisha kwa shavu. Paka walikuwa wameshahama. Tauno akatoka.

"Umeufungua," Oiva akasema.

"Nimeufungua."

"Basi umesoma."

"Nimesoma. Jirani, miaka yote hiyo mimi nilidhani ni uzembe wako."

Oiva alikunja gazeti. "Na bado ulikuwa unanikaribisha sauna kila Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu mwema sana, Tauno."

Dirisha likafunguliwa. "Shemeji, ingia ndani," Aune alisema. "Joto limehamia huku."

Oiva aliingia chumbani, akapewa kahawa na mkate mtamu wa iliki, akaona kijiko cha chai bado kimechomeka ukutani pale pembeni. Aliuliza ukuta ule ni wa nani. Tauno alisema ni wake. Oiva akautazama kwa makini, akameza mkate.

"Mzuri," alisema.

Aune akaweka birika mezani kwa kishindo. "Shemeji."

"Haya. Umeoza," Oiva akasema, na uso ukamwiva kama mtu aliyetukana kanisani. "Umeoza wote, bwana. Na nyingine nazo, ukinusa. Mwezi wa sita tuite watu, tuinyanyue nyumba itoke udongoni."

Tauno alitikisa kichwa kukubali, macho kwa mkewe, bila kuthubutu kuuliza. Aune alikwenda kwenye droo, akatoa barua ya Kajaani. Kofia ilikuwa imeanza kumtoa jasho. Akaivua, akaitupa kitandani. Akaigeuza barua upande usio na maandishi, akaramba ncha ya penseli, akaandika juu kabisa: *Kuta nne.*

"Sufu safari hii nahesabu mimi," alisema.