Kiroba na Nusu cha Majani

Waingereza hukiita storm, na hukipa jina la mtu kama mtoto wa kubatizwa. Mimi nakiita kimbunga tu, kwa sababu kiling'oa mti mbele ya nyumba yangu hapa Hounslow na kuulaza juu ya gari la jirani. Mto ulio nyuma ya kiwanja cha karavani, zile nyumba za magurudumu, ukafurika. Kufika mchana ukumbi wa kanisa letu ulikuwa umejaa watu waliokosa pa kulala, na uwanjani nyuma ya ukumbi kulikuwa na farasi watatu.

Wawili walikuwa wa shule ya kupanda farasi iliyoezuliwa paa, na wenyewe walikuja kuwachukua kesho yake. Wa tatu, jike mzee wa rangi ya kahawia, alikuwa wa mzee mmoja wa Kiingereza aliyeishi peke yake kwenye karavani. Mti uliiponda karavani. Halmashauri ikampa chumba hotelini naye akakikataa, maana hotelini farasi haingii. Alilala kwenye gari lake kando ya uwanja, akikohoa mpaka sisi tuliokuwa jikoni tukawa tunatazamana.

Mimi kutulia siwezi. Kazi yangu ni kusafisha ndege, abiria wakishuka tunaingia mbio, na mwendo huohuo nauleta nyumbani na kanisani. Siku zile nilikuwa kiguu na njia: blanketi, chai, sufuria za pilau, kisha blanketi tena. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta yule mzee anafagia ukumbi. Nikacheka kimoyomoyo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na huyu kajipa mwenyewe. Lakini ufagio alikuwa ameuegemea kama mkongojo. Nikamwambia aende hospitali akapimwe kifua.

"Na yeye?" akauliza, akinyoosha kidevu kuelekea uwanjani.

"Nitamwangalia mimi. Nimekulia na ng'ombe."

"Sina mwingine ila huyo," akasema. Akanionyesha robota la nyasi kavu, akapima kwa mikono fungu dogo la kumpa mchana, akapanda teksi.

Lile fungu liliniudhi. Kwetu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ng'ombe haendi malishoni, anakaa zizini na kuletewa majani. Nilibeba majani kichwani tangu sijui kusoma. Mama alisema ng'ombe akilia, jirani wanajua nyumba hiyo ina wavivu. Sasa huyu ni mnyama wa mgeni, yuko mikononi mwangu, nimpe vijiti vikavu vya kujaa kapu?

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na viroba vya majani mabichi, ambayo mtunza kanisa aliyakata kwa mashine siku chache kabla ya upepo. Nilipotia mkono yalikuwa na joto. Nikaona ni kwa sababu yamefungiwa. Nikammwagia farasi kiroba kizima, akala kwa pupa, nikaongeza nusu. Nilijiona mtu wa maana sana, niseme kweli.

Baada ya kama saa mbili hivi akaja singasinga mmoja, mzaliwa wa Kisumu mwenye duka Southall, aliyekuwa akituletea unga na mboga kila siku. Alipita uwanjani, akarudi jikoni bila kuteremsha mzigo.

"Mama, huyu farasi hayuko sawa. Anaangalia tumbo yake kila saa, na anachimba chini na mguu."

Nilimkuta ameloa jasho, anapinda magoti anataka kulala. Nikampigia simu daktari wa mifugo aliyekuwa akijitolea pamoja nasi, akasema nimtembeze, anakuja. Tukazunguka uwanja, mimi na yule farasi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kutembea hakukunisaidia.

Mzee akatangulia kufika, mfuko wa dawa mkononi. Alituona tangu getini akaja mbio, kifua kikimkatika. Alijua mara moja ni tumbo.

"Ni yale maji machafu," akasema. "Nilimpitisha kwenye mafuriko, akanywa. Ningezunguka. Ni mimi."

Nilishika kamba nikanyamaza. Naandika hili kwa aibu: nilipata nafuu moyoni.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo mwenye buti za matope. Akasikiliza ubavu wa farasi, akauliza amekula nini.

"Nyasi kavu tu," mzee akajibu. "Ni maji."

Daktari akaanza kufungua begi lake. Singasinga alikuwa amesimama karibu na kiroba kitupu. Akaniambia polepole kwa Kiswahili, ambacho wale wengine wawili hawakukijua: "Mama, sema. Daktari atatibu kitu ingine."

Nikasema. Kiroba kimoja na nusu, majani ya mashine, yalikuwa na joto. Mzee alinyoosha mkono akaichukua kamba mkononi mwangu. Hakunitukana, na ningependa anitukane.

Daktari alieleza huku akifanya kazi kwamba majani hayo huchacha na kujaza gesi, na farasi hana matumbo ya ng'ombe wala hawezi kutapika. Akamchoma sindano, akampitishia mpira puani na kumtia maji na mafuta. Akatuambia tusubiri mavi. Yasipotoka, upasuaji hautawezekana kwa umri ule, itabidi alazwe asiamke.

Kina mama wakatoka jikoni na aproni zao wakasimama kusubiri mavi. Mimi nilirudi ndani nikaosha sufuria zilizokuwa safi, nikazipanga, nikazipangua. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kisha nikasikia vigelegele uwanjani, nikatoka na mapovu mikononi. Rundo dogo la mavi lilikuwa linafuka mvuke kwenye nyasi, na singasinga anafuta macho. Nililia mbele ya watu wote.

Jua lilipokuwa linashuka mzee alikuja mlangoni mwa jikoni. Nikaanza kumwomba radhi, akainua kiganja.

"Kesho saa nne asubuhi nina miadi na watu wa halmashauri kuhusu nyumba," akasema. "Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Usimpe kitu. Kaa naye tu."

Kesho yake nilitoa kiti cha plastiki nikakiweka kando ya farasi. Nilikaa hapo mpaka saa saba, mikono mapajani, na sikuinuka hata mara moja.