Kidonge Kilichonitetemesha

Juzi, katika zahanati moja Kondele, nilimwona mtoto akihema kwa shida, nikakumbuka alasiri moja ya utoto wangu kule Usenge, kando ya ziwa.

Mama alinipa kidonge kichungu cha pumu, akaenda ufuoni kuanika omena, dagaa wa ziwani. Nilibaki peke yangu, kifua kikilia kama filimbi, nikiogopa kufa kabla hajarudi. Punde mikono ikatetemeka, moyo ukadunda, pumzi ikafunguka. Kanisani kwetu aliyeshukiwa na Roho hutetemeka vivyo hivyo.

Mama aliporudi akinuka samaki, nilimwambia, "Mama, Roho amenishukia!"

"Wewe unayesinzia kwenye maombi?" Akacheka, kisha akapiga magoti kando yangu, akashukuru.

Leo najua nilitetemeshwa na efedrini, dawa itokayo kwenye mmea. Nadhani Mama alijua ni kidonge, lakini aliniacha niamini ni Roho, na tangu siku ile sikuogopa tena kuachwa peke yangu.