Mpanga Zamu na Wageni wa Jumatano

Pale bustanini tulimwita Mama Zamu. Hata meneja, mtu wa kuita watu kwa vyeo vyao, alimwita hivyo hivyo. Kazi yake ilikuwa kupanga nani aje kazini siku gani: nani akae langoni, nani aelekeze magari, nani azunguke na mapipa ya taka, nani asimame kando ya bwawa kuwazuia watoto wasijitose. Miezi mingine kazi hiyo ni nyepesi. Lakini mawaridi yakianza kuchanua na shule zikafungwa, tunafungua maonyesho ya maua, na hapo mtu huomba poo.

Kabla yake zamu zilipangwa kwa kukisia. Siku moja vibarua wanajaa tele hawana la kufanya, wanaishia kusukana nywele nyuma ya ghala. Siku nyingine foleni inafika barabarani, na mimi wa dirisha la tiketi ndiye ninayemeza matusi. Mama Zamu alipokabidhiwa kazi, akaanza kupita dirishani kwangu kila asubuhi na kikombe chake cha chai.

"Dada, za Jumamosi zimekwendaje?"

Alikuwa akiuliza tiketi za mapema, zile watu wanazonunua kwa simu kabla ya siku yenyewe. Akazilinganisha na za misimu iliyopita, akajua tabia za wageni kama mtu anavyojua tabia za majirani. Wa Jumamosi ni familia, hununua mapema na hufika mapema. Wa Jumapili huangalia mawingu kwanza, kwa hiyo tiketi zao chache zisikudanganye. Kwa mwendo huo akapanga watu, na matusi dirishani kwangu yakapungua.

Msimu ninaousimulia, siku za katikati ya wiki zilidorora. Tiketi hazikutoka kabisa. Meneja naye alikuwa anabanwa na wakubwa wake, akamwambia Mama Zamu apunguze watu. Mama Zamu hakubisha, maana alichoona yeye ndicho alichoona meneja. Shida ilikuwa kuwaambia wenyewe. Hakupenda kutuma ujumbe. Alimpigia kila mmoja simu.

Mmoja wao alikuwa wifi yake, mke wa kaka yake, mwelekeza magari wa maegesho, ambaye sote tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Kaka mtu ni mpaka rangi. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi na kuvunjika mguu, kwa hiyo nyumba nzima ilimtegemea Chiriku.

"Wifi, Jumatano usije. Wageni watakuwa wachache."

"Nani kasema?"

"Tiketi."

"Tiketi! Kaka yako yuko kitandani na plasta mpaka pajani, wewe unanisomea tiketi?"

"Nikikubakisha wewe, itabidi nimtoe mwenzako, na yeye ana nyumba."

"Haya, mama. Kaeni na tiketi zenu." Simu ikakatwa.

Mama Zamu alikaa akiitazama simu mpaka chai ikapoa. Kesho yake kaka yake akampigia. "Dada, humu ndani unasemwa asubuhi na jioni. Na mimi siwezi hata kukimbia." Akacheka, lakini si sana.

Jumatatu zikanunuliwa tiketi za Jumatano kwa mkupuo, za kujaza basi moja hivi. Meneja alifurahi. "Basi moja hata wa langoni wanatosha," akasema, akaenda zake. Mama Zamu akabaki ameinamia kompyuta yangu.

"Zote hizi ni tiketi za wazee," akasema. "Shule zinaleta watoto na walimu wao. Kampuni zinaleta vijana. Basi zima la wazee sijapata kuliona."

Akampigia mnunuzi. Alikuwa matroni wa nyumba ya kutunzia wazee. Sauti ya mama huyo ilinifikia mpaka nilipokaa: wengi wa wazee wake walikuwa kwenye viti vya magurudumu, na wahudumu ambao angeweza kuja nao hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. "Nilidhani hapo kwenu kuna watu wa kutusaidia," akasema.

"Wapo, mama. Njooni," Mama Zamu akajibu. Akaweka simu chini, akanigeukia. "Wapo wapi, na mimi ndiye niliyewaondoa wote?"

Akaenda kwa meneja, nami nikamfuata kwa umbea tu.

"Si wewe uliyesema tutafuata tiketi?" meneja akauliza.

"Tumezifuata, meneja. Zimenipa idadi ya wageni. Magoti yao sikuyaona."

Meneja akajikuna kidevu, akawaza kidogo. "Waite warudi. Huko juu nitajieleza mwenyewe."

Mama Zamu akapiga simu mchana kutwa. Wengine walishapata vibarua kwingine, wengine wakakubali. Chiriku alimwacha wa mwisho, na hakumpigia. Baada ya kazi akaenda kwake kwa miguu, akamkuta uani anafua.

"Leo ndiyo umekumbuka njia ya huku?"

"Nimekuja kukuomba, wifi. Jumatano nina wazee wa kusukumwa na sina mikono."

"Tiketi zimesema nije?"

"Hapana. Nasema mimi."

Chiriku akakamua shati, akalitundika kambani, akalinyoosha kola bila haraka. Ndani ya nyumba kaka mtu akapaza sauti: "Mke wangu, nenda! Nipumzishe masikio!" Hapo wote wawili wakashindwa kujizuia, wakacheka mpaka Chiriku akaketi juu ya ndoo.

Jumatano Mama Zamu alifika mapema, akaipitia bustani yote akisukuma kiti kitupu. Njia ya kokoto akaifunga. Ile ya ngazi akaifunga. Akafungua geti dogo la nyuma, lile la wapanda maua, ambako kumesakafiwa, na mabenchi akayasogeza yote kivulini. Basi lilipoingia, kila kiti kilikuwa na mtu wa kukishika.

Chiriku akapangiwa mzee mmoja fundi cherehani mstaafu, mwenye uso uliokunjamana kama nguo isiyopigwa pasi. Hatua chache tu, mzee akafoka, "Unanisukuma kama toroli la saruji!"

"Saruji ingekuwa afadhali, babu. Saruji hailalamiki."

Tulishika midomo. Mzee akageuka kumtazama, akaanza kumsema: blauzi yake imeshonwa na nani, mbona bega moja limepanda? Chiriku akamjibu kwamba aliyeishona ana macho mawili mazima, yeye yake yako wapi? Wakaizunguka bustani nzima wakibishana, kuanzia mawaridi mpaka bwawani, mzee akinyoosha kidole kila kona. Matroni alisimama kando ya Mama Zamu, mkono kifuani.

"Tangu mke wake afariki, huyu hujibu ndiyo na hapana tu," akasema. "Leo anagomba!"

Kabla basi halijaondoka, matroni alimwita Chiriku pembeni. Wiki iliyofuata Chiriku alianza kazi katika nyumba ya wazee, kazi ya mwaka mzima na si ya msimu. Mama Zamu alimkumbatia kwa furaha ya kweli, halafu akaja dirishani kwangu kulalamika. Jumamosi ilikuwa imejaa, tiketi zinazidi kutoka, na mtu wake hodari wa maegesho ndiye huyo kaenda.

Matroni aliwasimulia wenzake wa nyumba nyingine za wazee, nao wakaanza kupiga simu. Jumatano zilizokuwa zimekufa zikapata wageni, na vibarua waliokuwa wamepunguzwa wakarudishiwa siku zao. Kwenye ukurasa wa kununulia tiketi, Mama Zamu aliomba liongezwe swali moja: je, kuna mgeni atakayehitaji kusaidiwa kutembea? Siku hizi akifika dirishani anauliza kwanza majibu ya swali hilo, ndipo aulize idadi.