Waliomla Neville Walipe Jiwe

Siku tuliyomzika Neville Tasker, simu yake ililia ndani ya mkoba wa Glenda, mwenzi wake. Tulikuwa ukumbi wa klabu ya watu wa reli, waombolezaji wanakula sandwichi za hemu ya nguruwe, mimi na zangu za yai, chai inamiminwa. Glenda akaitoa simu, akasoma, kisha akanipa. Walikuwa watu wa kampuni ya kubeti. "Neville, tunakukumbuka! Rudi. Tumekuwekea beti ya bure ya pauni ishirini."

Udongo wa kaburi haujatulia, wao wanamwita arudi. Nilitukana kwa Kiswahili, maana tusi zito halitoki vizuri kwa lugha ya kujifunza ukubwani. Glenda hakutukana wala hakulia. Aliirudisha simu mkobani, akafunga zipu.

"Hawa watanunua jiwe," akasema.

Jiwe la kaburi, alimaanisha. Neville alilala chini ya msalaba wa mbao wa kuazima, na katika mji wetu wa Doncaster kaburi lisilo na jiwe ni aibu inayosemwa kwa sauti ya chini. Pesa ya jiwe haikuwepo. Akiba yao yote, waliyoweka ili wanunue karavani, nyumba ya magurudumu, kule pwani ya Bridlington wakistaafu, Neville aliichezea farasi na mpira kwa miaka kumi na moja, mpaka ikaisha. Glenda aligundua mwezi Januari. Mwezi Machi moyo wa Neville ukasimama akiwa anafunga kamba za viatu.

Wala hakupotea peke yake, alishikwa mkono. Kampuni ile ilikuwa na bwana mmoja anaitwa Damian, kazi yake kuwabembeleza wateja wanaoliwa pesa sana. Alimpigia Neville kila wiki, anamwita Nev, anamtumia wiski siku ya kuzaliwa, anamwalika kwenye mbio za farasi wakae jukwaa la juu na matajiri wenye kofia. Neville, fundi wa mabehewa aliyeshika spana tangu ujana, hakuwahi kuitwa mheshimiwa na mtu yeyote. Akiba ilipokauka, simu za Damian zikakauka pia.

Mimi na Glenda tumepika pamoja jikoni mwa shule tangu nilipofika hapa kutoka Tanga. Sisi wenzake wa jikoni tulipotaka kumchangia jiwe, alinikata kauli.

"Shoga, nakupenda, lakini pesa yako kaa nayo. Wamemla, watamtapika."

Aliyemfundisha namna ya kuwatapisha ni Alwyn, mtunza majengo wa shule, mtu wa kulalamika tangu asubuhi. Alitueleza siku moja tukimenya viazi. Kampuni zikitaka wateja hutoa beti za bure, ni chambo. Sasa, wewe unaweka dau kwenye kampuni kwamba farasi fulani atashinda. Halafu unaingia kwenye soko la mtandaoni, ambako wachezaji hubetiana wao kwa wao, unaweka kwamba farasi yuleyule hatashinda. Ukipoteza huku unapata kule, tofauti ni senti. Lakini dau likiwa ni ile beti ya bure, hukutoa kitu mfukoni, kwa hiyo farasi ashinde au aanguke, robo tatu ya thamani yake inabaki kwako.

"Unakula chambo, ndoana unawaachia," nikasema.

"Ndiyo. Lakini usijidanganye, mama," Alwyn akamwambia Glenda. "Mimi nilifanya mwaka mzima. Macho kwenye simu, Jumamosi yote imekwenda, mke amenuna. Nikipiga hesabu, saa moja inanipa kama pauni sita. Kufagia ofisi kunalipa mara mbili. Na wakikushtukia kwamba huliwi, wanakukatia ofa zote. Haina maana."

"Nani amekwambia natafuta kazi?" Glenda akajibu. "Pesa ya kufagia ni jasho langu. Neville hatafunikwa na jasho langu."

"Na ukikosea ukaweka upande mmoja tu?"

"Basi utanicheka. Menya viazi."

Nilimwona akibadilika, na sitasema uongo, sikuipenda ile sura. Jumapili tulikuwa tunakwenda kununua vitambaa, sasa hakuna Jumapili. Tukikaa kwangu, sambusa zinapoa, yeye anahamisha namba kutoka skrini hii kwenda ile huku anasema peke yake, "Toa. Toa, mbwa wewe." Nilimwambia chuki ni kama kaa la moto, hulishiki mkononi ukawa salama. Akanijibu kwamba mkono ni wake.

Ujanja mkubwa ulikuwa kujifanya mjinga. Ili wasimshtukie, alianza kubeti vitu vidogo vidogo vya kipumbavu, na hakuhitaji kutafuta mfano mbali. Alibeti kama Neville. Kila Jumamosi mkeka wa timu tano, ambazo lazima zote zishinde ndipo ulipwe, timu yetu ya mji ikiwa ya kwanza, ingawa ni timu ya kutia watu presha. Farasi wenye majina ya wanyama. Farasi mweupe hata kama ni kilema.

Jumamosi moja mkeka ule wa mzaha ulikaribia kutiki. Timu nne zimeshinda, ya tano inaongoza, zimebaki dakika chache. Niliona shingo ya Glenda imekuwa nyekundu, ameshika ukingo wa meza yangu, anahema. Mkeka ukachanika mwishoni. Aliiweka simu kifudifudi.

"Nilikuwa namwita mjinga," akasema. "Miaka yote nilimwita mjinga."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nami nikaacha kumhubiria.

Bahati, kama ni bahati, ikamfuata. Majira yale ya kiangazi karibu kila farasi aliyemwekea dau kwenye kampuni alishindwa, kwa hiyo pesa zilikuwa zinahamia kule sokoni, ambako kampuni haioni. Kwa macho yao huyu ni mwanamke anayeliwa kila wiki na bado anarudi. Wakafurahi sana. Siku moja simu ikaita tukiwa tunaosha masufuria, akaibonyeza nisikie.

"Glenda kipenzi! Mimi ni Damian. Nimepewa kazi ya kukutunza wewe mwenyewe."

Nilidondosha sufuria. Glenda na Neville waliishi pamoja miaka ishirini na sita bila cheti cha ndoa, kila mtu na jina lake la ukoo, na nyumba yao ilipouzwa kulipa madeni ya Neville, Glenda alihamia flati ya manispaa. Damian hakuwa na njia ya kujua anazungumza na nani.

"Ooh, asante baba," Glenda akasema kwa sauti nyororo ambayo sijawahi kumsikia nayo. "Nina mkosi mimi!"

"Mkosi huisha, mpenzi. Nakuwekea beti ya bure ya pauni hamsini. Na kila Ijumaa itakayofuata."

"Una moyo mzuri," Glenda akasema, na macho yake yalikuwa makali kama kisu.

Kila Ijumaa Damian akatoa, na kila Ijumaa Glenda akachukua robo tatu. Kufika Septemba, mwezi wa mbio kubwa za mji wetu, jiwe lilikuwa limebakiza pauni mia moja na arobaini. Na nani anamwalika Glenda kwenye mbio, wakae juu na wenye kofia, aje na rafiki yake? Yuleyule.

Tulikwenda. Kofia yangu niliiazima, ilikuwa na manyoya kama kuku anayetaga. Mezani walikaa wageni wengine wa Damian, wazee wawili watatu wenye suti za zamani na nyuso za furaha, na nilipowatazama nikamwona Neville kwenye kila kiti. Damian mwenyewe alikuwa mwembamba, meno meupe, mkono wake haukosi bega la kuegemea. Akampa kila mgeni beti ya bure ya pauni mia.

Glenda akasubiri alipofika kwake.

"Damian, unamkumbuka Neville Tasker?"

Nilidhani ndiyo saa ya kummwagia divai usoni, nikajitayarisha kusaidia. Damian akakunja paji la uso nusu sekunde tu.

"Nev! Fundi wa reli! Mtu safi sana. Hajambo? Mwambie aache kujificha, anipigie simu. Nina mia yake hapa inamngoja."

Glenda hakupepesa macho. "Hapendi simu siku hizi. Nipe mimi, nitampelekea."

"Wewe ni malaika," Damian akasema, akabonyeza simu yake, mia ya pili ikaingia kwenye akaunti ya Glenda.

Aliziweka zote mbili palepale, baina ya supu na samaki, na kila moja akaiwekea kinyume chake sokoni. Farasi walipotoka, wazee wakasimama wakipiga kelele. Glenda alibaki amekaa, anakula samaki wake. Hakuuliza hata aliyeshinda.

Jiwe lilisimama mwezi Novemba, jeusi, zuri. Alwyn alikuja na shada, akapiga hesabu zake, akasema kwa kufagia ofisi jiwe lingelipwa kabla hata ya mbio. Hakuna aliyembishia. Mchonga mawe alikuwa amemsifu Glenda kwa maneno aliyochagua, akasema ni machache yaliyowahi kumgusa hivyo. Chini ya jina na miaka imeandikwa: "Neville, tunakukumbuka. Rudi."

Glenda alilipiga picha, akaituma kwa Damian. Chini yake akaandika, "Nimemfikishia mia yako. Maneno ni ya kampuni yenu, mlimtumia siku ya mazishi."

Kabla hatujafika kituo cha basi kampuni ikatuma taarifa: imepitia akaunti ya Glenda na kuona haifai, imeifunga moja kwa moja. Alinisomea kwa sauti mara mbili, kisha akakaa kwenye benchi lenye maji ya mvua.

"Mimi wamenifungia baada ya miezi sita tu," akasema. "Neville alikaa miaka kumi na moja, hawakumfungia hata siku moja."