Vijiko Vitatu vya Sukari

Mtaa wetu wote wa Mabanga ulisema sitafika popote: mutoto wa muuza mboga, diploma ataitoa wapi? Nilirudi nayo kutoka Kampala, diploma ya upishi, na restora yangu hujaa kila siku. Lakini juzi msichana wangu wa jikoni alikata persili na seleri, na harufu ile ikanirudisha kwenye mchana mmoja wa utoto wangu.

Mchana ule Mama alikuwa akitafuta kazi ya jikoni katika nyumba ya wageni kule Kituku. Patron, mwenye nyumba hiyo, alitaka kwanza kuonja sosi yake ya saladi. Mama aliazima kwa majirani, limau kwa Mama Furaha na majani ya persili na seleri kwa Mama Zawadi, akayakatakata, akayakoroga ndani ya mashanza, maziwa mazito ya kuganda kutoka Masisi. Alipoenda kuvaa, nikaonja. Ilikuwa chachu! Sisi mashanza tulikunywa na sukari, kwa hiyo nikadhani amesahau, nikatia vijiko vitatu. Leo najua uchachu ndio utamu wa sosi ile.

Alirudi bila kazi.

"Patron ameniuliza kama nimemuletea uji wa mutoto," aliniambia mimi mwanawe; papa ndivyo alivyoniita. "Mukono wangu umenihaibisha, papa."

Sikumwambia habari ya sukari, na hakutengeneza sosi ile tena.

Siku nilipofungua restora niliwapelekea majirani wale wawili kikapu cha limau na mafungu ya majani. Mama Furaha alicheka: "Muzee muzima, unarudisha limau?"

Wote niliwarudishia, isipokuwa Mama. Alikufa akiamini mkono wake ndio ulikosea.