Maneno Ambayo Bibi Hakuyasoma

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ameishi kwa sauti yake. Alianza kwa kutangaza treni kituoni, ndani ya kibanda cha kioo, na abiria walioachwa walimnunia yeye badala ya treni. Alipostaafu, maktaba ya wasioona ilimchukua awe anasoma vitabu, na mimi, fundi wa kurekodi, nikawa nakaa upande wa pili wa kioo nikimsikiliza. Kazini tunamwita Spika. Ana masharti kuliko bibi harusi: havai bangili kwa sababu zinalia, hagusi maji baridi, na lazima ale kwanza, maana tumbo likinguruma kipaza sauti hakimsitiri mtu.

Ana mjukuu mmoja, mtoto wa binti yake anayefanya kazi mbali. Mtoto haoni tangu azaliwe. Anakaa na bibi yake na anasoma shule ya wasioona, mtaa wa pili kutoka maktaba. Mimi namwita Bosi, kwa jinsi anavyoingia studio na kuniamuru kana kwamba ndiye aliyeniajiri. Bibi yake yeye humtambua kwa kikohozi tu, hata bibi akiwa bado nje ya geti.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ile alituletea kitabu cha hadithi ambacho Bosi na wenzake walikichagua wenyewe. Kilimhusu msichana anayefungua milango kwa maneno ya uchawi. Maneno yenyewe ni machache, hayana maana yoyote, na yanarudi kila sura. Shangazi alipoyaona alikifunga kitabu na kukipeleka kwa mchungaji wake. Mchungaji hakuzunguka. Alimwambia kwamba anayetamka maneno ya uchawi, hata kwa mchezo, amebisha hodi mahali, na akifunguliwa asishangae.

Mimi nilicheka. Nilimwambia hicho ni kitabu cha watoto, na mtunzi wake aliyabuni yale maneno huku anakunywa chai. Yeye hakucheka.

"Mwanangu," aliniambia, "nilikuwa nasema neno moja kwenye kile kibanda, watu wanasimama, wanabeba mizigo yao, wanaondoka. Usiniambie maneno ni upepo."

Mtu aliyelishwa na maneno tangu ujana wake utamshawishi vipi kwamba hayana nguvu?

Angekikataa kitabu, yangeisha. Lakini Bosi alikuwa ameshalitangazia darasa zima kwamba bibi yake ndiye atakayesoma, na Shangazi hajui kumnyima yule mtoto. Kwa hiyo akakata shauri: hadithi ataisoma, maneno hatayatamka. Akiyafikia atafumba mdomo, aombe kimoyomoyo, kisha aendelee na sentensi inayofuata.

Studio yetu ni kichumba kisicho na dirisha, kuta zake zimevikwa magodoro. Mlango ukifungwa, unasikia damu yako ikitembea masikioni. Alipofika pale mahali kwa mara ya kwanza, nilimwona kupitia kioo: midomo imekauka, mkono umeng'ang'ania meza. Mashine ilinasa pumzi yake, ikanasa na namna alivyomeza mate. Tulipomaliza alitaka nifute hata hiyo pumzi. Nilimweleza kwamba kazi yetu haiachi pengo tupu. Hata chumba kikiwa kimya kina sauti yake, na huwa tunairekodi ili tuzibie mapengo, msikilizaji asihisi kitu. Alikataa katakata. Hakutaka chake chochote kibaki pale, wala pumzi, wala sauti ya chumba alichokaa.

Nikafuta. Kila palipopaswa kuwa na yale maneno pakabaki patupu.

Mimi na wewe tungedhani mashine imekwama kidogo, tukaendelea na shughuli zetu. Wale watoto wanaishi kwa masikio. Mwalimu mkuu alinisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa saa ya kusikiliza. Kwenye pengo la kwanza waliuliza kama umeme umekatika. Kwenye la pili hawakuuliza. Ilipofika la tatu walikuwa wameshikana mikono, na mmoja wao akasema, kwa utulivu kabisa, kwamba msomaji anakufa kila akiyafikia maneno, na anayeendelea baada ya hapo ni mwingine mwenye sauti ileile. Mwalimu alikimbilia mashine akaizima, lakini maneno hayo yalishasemwa mbele ya Bosi.

Alipokwenda kumchukua, Shangazi alikohoa nje ya geti kama kawaida. Mtoto alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Bibi alimwita, akamwimbia, akambembeleza, wapi. Ilibidi nitoke kazini niende nikamshike mkono mimi, huku bibi yake akitufuata kwa mbali kama mtu aliyekosea njia.

Kesho yake mchana nilikwenda kuwaona. Bosi alikuwa amejibanza nyuma ya kochi, na sahani iliyopakuliwa na bibi yake ilikuwa imepoa bila kuguswa. Shangazi alikuwa ameketi sakafuni ng'ambo ya kochi, hathubutu kusogea. Alikuwa anamkumbusha mambo yao wawili: jino lililong'oka kwenye ndoo ya maji, wimbo wa kuchana nywele, siri ya kopo la biskuti. Sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

"Anti," mtoto aliniambia kwa kunong'ona, "huyo anajua kila kitu cha Bibi. Mwambie anyamaze."

Shangazi alijiziba mdomo kwa kanga yake na kulia bila kutoa sauti, kwa sababu sauti yake ndiyo iliyokuwa inamtisha mtoto. Nilimwogopea kweli. Nilimwogopea na Bosi, maana mama yake yuko mbali, na huyu bibi ndiye nyumba yake.

Nikamuuliza Bosi anataka nini ili aamini. Alikuwa ameshafikiria.

"Bibi hakuyasema yale maneno. Alikatika. Pumzi ilikatika, na chumba kikakatika. Ayaseme nikiwa nimemshika. Akikatika tena, nitajua."

Shangazi alinitazama, nami nilielewa anapima nini. Kwangu ilikuwa ni kutamka upuuzi mara moja, mtoto akale. Kwake ulikuwa ni mlango, na hakujua nani yuko upande wa pili. Nilimwambia ampigie kwanza mchungaji, nikamnyooshea simu. Akatikisa kichwa.

"Atanikataza," alisema, "na atakuwa sahihi."

Alitaka tukafanyie studio. Kama kuna kitakachoingia, alisema, kiingie kule, kisijue njia ya nyumba anapolala mtoto. Bosi alikubali kwenda akiwa ameshika mkono wangu. Nikawaketisha ndani, nikafunga mlango, nikaenda upande wangu wa kioo na kuwasha taa nyekundu. Mtoto aliweka kiganja kwenye koo la bibi yake. Shangazi aliomba kwa sauti kwamba lolote litakalokuja lije kwake peke yake, mtoto lisimguse. Kisha akapiga moyo konde na kuyasema.

Mimi siyaandiki hapa, na ukitaka kunicheka nicheke. Mimi niliyesema ni upuuzi, alipoyatamka nilikuwa nimekodolea macho kitasa cha mlango, roho juu. Kitasa hakikusogea. Sauti yake ilitetemeka kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, lakini haikukatika.

"Tena," alisema Bosi.

Akayasema tena. Ndipo mtoto akalaza kichwa kifuani pake, akasema kwa uchovu, "Ni wewe, Bibi."

Mapengo yote niliyaziba kwa sauti ile inayotetemeka. Darasa lilisikiliza hadithi hadi mwisho. Bosi aliniambia yale maneno ni ya kitoto mno, alitegemea makubwa zaidi. Anakula, analala fofofo, na mimi ananiamuru kama zamani.

Shangazi ndiye hajarudi kuwa kama zamani. Alikwenda kwa mchungaji akamweleza yote, na mchungaji hakumkaripia, aliomba pamoja naye kwa muda mrefu. Haikumtosha. Nyumbani kwake redio haizimwi, kwa sababu sasa yeye ndiye asiyevumilia kimya. Na hakuna siku tunaanza kurekodi kabla sijamchezea kipande cha zamani, cha kabla ya kitabu kile, halafu kipande cha jana.

"Sikiliza vizuri, mwanangu," huniambia. "Bado ni mimi?"

Namwambia ni wewe, Shangazi. Mwanzoni nilikuwa namjibu papo hapo. Siku hizi narudisha nyuma, nasikiliza tena, ndipo namjibu.